Sare ya Gwaride: Jinsi ya Kuivaa na Kuitunza

Siku ya gwaride watazamaji huona mistari iliyonyoka, viatu ving'aavyo na vifungo vinavyometa juani, wakasifu. Wazee walisema, Usione vyaelea, vimeundwa. Kinachoonekana uwanjani kwa saa moja kimetayarishwa chumbani kwa saa nyingi, na mara nyingi mtayarishaji yu peke yake wala hapana amtazamaye. Nia ya makala haya ni kueleza kazi hiyo ya chumbani, na kuonyesha ya kwamba kila kanuni ya sare ina sababu yake. Anayejua sababu hushika kanuni hata kama mkaguzi hayupo. Asiyejua huishika kwa hofu tu, na hofu ikiondoka kanuni nayo huondoka.

Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi. Skauti wetu huvaa sare tangu sasa. Wengi kati yetu, tukimaliza Kidato cha Sita, twaweza kuitwa na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo yake kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013. Na wachache huenda wakachaguliwa kuwa maofisa wanafunzi, yaani kadeti, katika chuo cha kijeshi cha Monduli, mkoani Arusha. Neno hilo kadeti limetoka Ufaransa, ambako lilikuwa jina la mtoto mdogo wa kiume katika nyumba ya kikabaila. Mkubwa alirithi shamba. Mdogo alipelekwa jeshini akajifunze uofisa. Basi kadeti ni mwanafunzi, na sare yake ni sehemu ya masomo yake.

Kabla ya kuendelea, yafaa msomaji akumbuke ya kwamba kila jeshi na kila chuo kina kanuni zake zilizoandikwa. Penye tofauti, kanuni za chuo chako ndizo zifuatwe. Nitakayoyaeleza hapa ni mambo ambayo karibu pote ni yale yale.

Kwanza, ijue nguo yako. Sare za kaki tulizozizoea zimepata jina lao kutoka lugha za Kiajemi na Kihindustani, na maana yake ni rangi ya udongo. Kikosi cha Waingereza kilichoundwa Peshawar mwaka 1846, mahali ambapo leo ni Pakistan, ndicho kilichojulikana mapema kwa kuvaa rangi hiyo, maana nguo nyekundu au nyeupe ilimwonyesha askari kwa adui tangu mbali. Mwaka 1902 Uingereza iliifanya kaki kuwa rangi ya sare ya kazi ya jeshi lake lote. Mwaka huo huo ndipo kikaundwa kikosi cha King's African Rifles, ambacho watu wetu walikiita Keya, na kaki ya Keya iliyotiwa kanji ikawa nguo mashuhuri katika Afrika ya Mashariki.

Sare za siku hizi hushonwa kwa pamba, au kwa sufu, au kwa pamba na sufu zilizochanganywa na nyuzi za viwandani kama poliesta. Kila moja yataka matunzo yake. Tazama kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola au ubavuni. Humo mna picha ya pasi yenye nukta. Nukta moja maana yake joto la pasi lisizidi nyuzi 110 za Selsiasi, na alama hiyo huwekwa kwenye nyuzi laini kama nailoni. Nukta mbili ni nyuzi 150, joto la sufu na la nguo nyingi zenye poliesta. Nukta tatu ni nyuzi 200, joto la pamba na kitani. Mtu asiyeangalia nukta hizo huweza kuiharibu kwa dakika moja nguo ambayo ingevaliwa miaka mitano.

Nguo ya pamba haina matata. Ifuliwe kwa maji na sabuni, isuuzwe mpaka maji yawe meupe, kisha igeuzwe ndani nje na kuanikwa, ili jua lisichujishe rangi ya upande unaoonekana. Koti la gwaride la sufu halifuliwi hivyo. Unyoya wa sufu, ukitazamwa kwa hadubini, una magamba madogo kama ya samaki. Ukiutia katika maji ya moto na kuusugua, magamba hayo hushikana, nguo ikasinyaa na kuwa nene, wala hairudi tena kama ilivyokuwa. Kwa hiyo koti la sufu husafishwa kwa burashi kavu, kutoka juu kwenda chini. Huanikwa kivulini penye upepo ili jasho likauke. Na likichafuka sana hupelekwa kwa dobi mwenye kusafisha kwa dawa bila maji.

Kanji ina faida mbili. Faida inayojulikana ni kuikaza nguo ya pamba ili mstari wa pasi usimame. Faida ya pili ni hii, kwamba vumbi na jasho hushika kwenye kanji kabla ya kushika kwenye uzi, na nguo ikifuliwa kanji hutoka pamoja na uchafu wake. Kanji ya muhogo hupikwa mpaka iwe nyepesi isiyo na mabonge, ikachujwa kwa kitambaa, na nguo ikachovywa, ikakamuliwa na kuanikwa. Lakini nguo itakayowekwa muda mrefu, kama vile likizo nzima, isiwekwe na kanji. Mende na wadudu wengine wa kabatini huipenda kanji, na nguo ngumu iliyokunjwa hukatika nyuzi penye mkunjo.

Sasa tuje kwenye pasi. Nguo ya pamba ipigwe ikiwa na unyevu kidogo, maana ni mvuke unaolegeza uzi, na ni kukauka chini ya pasi kunakoufanya ushike umbo jipya. Suruali huwekwa mishono ya miguu ikikutana, wa ndani juu ya wa nje, ndipo mstari wa mbele utakapofika mahali pake wenyewe. Usipige mstari mpya pembeni mwa ule wa zamani. Suruali yenye mistari miwili mguu mmoja ni kosa ambalo mkaguzi huliona kabla hajakuona uso. Sufu na poliesta zifunikwe kwa kitambaa cheupe cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, na pasi ipite juu ya kitambaa hicho. Ikiwagusa moja kwa moja, nyuzi za poliesta huanza kulainika na nguo ikapata mng'ao wa mafuta usiotoka.

Anayetumia pasi ya mkaa hana namba za joto, lakini ana njia nyingine. Aijaribu kwanza juu ya kitambaa cheupe. Kikigeuka rangi, aiache ipoe. Aipulizie pasi mbali na nguo, ili majivu yasiangukie kazi yake, na aufute uso wa pasi kila anapoirudisha.

Wengine hupiga pasi sehemu zinazoonekana tu, wakaacha makwapa, mishono na kiuno. Huo ni uvivu, na katika nchi zetu una hatari. Kuna inzi ambaye hutaga mayai yake mchangani na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, vibuu vyake huingia katika ngozi ya mvaaji na kukua humo mithili ya jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo, lakini ni pale tu pasi ilipopita. Hivyo mshono wa ndani usioonwa na mkaguzi wahitaji pasi kuliko mfuko wa kifuani unaoonwa na wote.

Tuangalie vifungo na bizimu ya mkanda. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Hewa na jasho la vidole huifanya kuwa nyeusi, na dawa ya kung'arishia huondoa weusi huo kwa unga laini unaokwangua. Maana yake ni kwamba kila unapong'arisha waondoa tabaka jembamba la shaba yenyewe. Ndiyo sababu nembo za zamani sana hukutwa zimelika mpaka sura yake haisomeki. Tumia dawa kidogo, isugue kwa kitambaa laini, na umalizie kwa kitambaa kikavu. Chini ya kifungo ingiza kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa mwanya katikati, ili dawa isiguse koti na kuacha doa jeupe. Na tahadhari: tangu miaka ya 1950 majeshi mengi yameanza kutumia vifungo vya aluminiamu vilivyotiwa rangi ya dhahabu. Hivyo havitaki dawa hata kidogo, kwa kuwa mng'ao wake ni ngozi ya juu tu. Ukivisugua kwa dawa ya shaba, dhahabu hutoka na kubaki bati. Vifute kwa kitambaa chenye maji, basi.

Kifungo kilicholegea kishonwe siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifungo kikipotea, huenda usipate kingine cha namna hiyo. Unaposhona kifungo bapa cha shati, weka njiti ya kiberiti kati yake na nguo, ushone juu yake, kisha uitoe njiti na kuuzungusha uzi mara nne au tano mahali palipobaki wazi. Hivyo kifungo kitapata shingo, na nguo haitavutwa inapofungwa. Nyuzi zinazoning'inia zikatwe kwa mkasi. Ukizivuta kwa mkono waweza kufumua mshono mzima.

Viatu ndivyo huwafanya vijana wengi wakeshe. Dawa ya viatu ni nta iliyochanganywa na rangi na mafuta mepesi. Ile iitwayo Kiwi, ambayo jina lake kwetu limekuwa jina la dawa zote za viatu, ilianza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906. Ngozi ya kiatu ina vinyweleo na mabonde madogo, na mwanga ukiipiga hutawanyika kila upande. Kazi ya nta ni kuyajaza mabonde hayo mpaka uso uwe sawa kama kioo, ndipo mwanga urudi pamoja na jicho lione mng'ao. Kwa hiyo kupaka dawa nyingi mara moja hakusaidii. Kwanza ondoa vumbi lote kwa burashi, kwani punje ya mchanga itachora mistari. Zungusha kitambaa laini kidoleni, gusa nta kidogo, ongeza tone la maji baridi, na upake kwa miduara midogo. Ngoja ikauke, kisha rudia. Tabaka nyingi nyembamba hushinda moja nene. Kiatu kilicholowa kijazwe magazeti na kuwekwa kivulini. Moto huipasua ngozi na kuiyeyusha nta. Wala usisahau ukingo wa soli na kisigino cha nyuma, maana anayeandamana nyuma yako haoni kingine.

Baada ya matunzo, tuje kwenye kuvaa. Kofia ya bereti ilianza kujulikana sana katika majeshi ya Kiingereza mwaka 1924, kikosi cha vifaru kilipopewa bereti nyeusi. Haina ukingo wa kugonga ndani ya kifaru, na weusi wake hauonyeshi mafuta ya mitambo. Bereti mpya hukaa kichwani kama chapati. Iloweshe kwa maji ya uvuguvugu, uikamue bila kuisokota, uivae ikiwa na unyevu na kuilaza kwa mkono mpaka ifuate kichwa, kisha uiache ikauke. Ukanda wake ukae sawa, kiasi cha sentimeta 2.5 juu ya nyusi. Katika majeshi yanayofuata desturi ya Kiingereza nembo hukaa juu ya jicho la kushoto na kitambaa huvutwa kulia. Wanaofuata desturi ya Kifaransa huvuta kushoto. Usiige picha uliyoiona mahali. Uliza desturi ya kikosi chako.

Shati liingizwe vizuri ndani ya suruali, na ziada yake ikunjwe nyuma ya mbavu pande mbili ili kifua kiwe bapa. Ukingo wa shati, ukingo wa bizimu na mstari wa zipu ya suruali vifuatane katika mstari mmoja ulionyoka. Vifungo vyote vifungwe. Mifuko isitiwe kitu. Kalamu, simu na kitambaa cha pua huivuta nguo na kuipotosha. Suruali iguse kiatu mbele, isionyeshe soksi wala isiburure nyuma. Nishani huvaliwa kifuani upande wa kushoto, na kila mtu huvaa alizotunukiwa yeye. Beji ya kuazima ni uongo ulioshonwa kwa sindano. Mtu akikuuliza umeipataje, utajibu nini?

Ukishavaa, usiketi, maana magoti yatavunja mstari wa pasi. Simama umwombe mwenzako akukague mgongoni, na wewe umkague wake. Hakuna awezaye kuuona mgongo wake mwenyewe, na hilo ni somo la kwanza la kuwa katika kikosi. Vumbi na nyuzi ndogo hutolewa kwa utepe wa gundi uliozungushwa vidoleni, upande wenye gundi ukiwa nje.

Gwaride likiisha kazi haijaisha. Usilitupe koti kitandani. Toa vitu mifukoni, lipige burashi, litundike kwenye henga pana lenye kujaza mabega, na uliache lipate hewa usiku mmoja kabla ya kuliingiza kabatini. Hapo yuko adui mwingine, nondo. Nondo mwenyewe, yule kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu, hali nguo. Walao sufu ni watoto wake, viwavi wadogo weupe, na hupenda zaidi mahali penye jasho au tone la mchuzi. Basi dawa ya kwanza ya nondo ni usafi. Vile vidonge vyeupe vya kuwekwa kabatini vina sumu. Vikitumiwa viwe ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na nguo, mbali na chakula na watoto, na nguo ipewe hewa kabla ya kuvaliwa.

Kazi hii yote kila mtu aifanye kwa mkono wake. Wako wakubwa wanaodhani ni heshima kumpa kijana wa Kidato cha Kwanza akawafulie na kuwang'arishia viatu. Hiyo si heshima. Anayeng'aa kwa jasho la mdogo wake amevaa sifa isiyo yake, sawasawa na mwenye beji ya kuazima; tena hatajua kifungo chake kimelegea mpaka kimeanguka uwanjani.

Hata hivyo tusije tukadanganyika. Sare huionyesha nidhamu, haiumbi. Historia ya nchi yetu yatufundisha. Vikosi vya Keya vya Tanganyika vilipogeuzwa kuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, vilirithi kwata na desturi za gwaride za Kiingereza. Lakini mwezi wa Januari 1964 askari wa jeshi hilo waliasi, na jeshi likavunjwa. Mahali pake likajengwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tarehe 1 Septemba 1964. Desturi za gwaride hazikuwazuia walioasi. Hivyo mtu asiseme, nimenyoosha mstari wa suruali, mimi ni mtu wa nidhamu. Mstari wa suruali ni ahadi tu, na ahadi hutimizwa kwa matendo.

Ahadi hiyo wananchi huiamini. Mama mwenye mtoto mgonjwa njiani akimwona mwenye sare, humwendea bila kumjua jina. Ndiyo maana sheria humkataza raia kuvaa sare za jeshi, na ndiyo maana mwezi wa Agosti 2023 jeshi letu lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi yake kuyasalimisha. Mwizi aliyevaa sare haibi mali peke yake. Huiba pia imani ambayo wengine wameijenga kwa miaka mingi. Na kijana aliyepewa sare kwa haki, akaivaa kilabuni au kumtishia kondakta ili asilipe nauli, amefanya jambo lililo karibu na hilo.

Mwisho, sare nyingi si mali ya mvaaji. Ulipewa ghalani ukaandikwa daftarini, na siku moja utairudisha. Huenda koti lako lilivaliwa na mwingine kabla yako, na huenda mwingine analingoja, ambaye leo yu darasa la tano huko kijijini wala hajui bado kwamba atakuwa mrefu kama wewe. Akilipokea likiwa na vifungo vyote, mshono imara na kola isiyo na doa la pasi, hatajua jina lako, lakini atafika uwanjani akiwa tayari. Akilipokea limeungua, atasimama nyuma ya wenzake siku ya gwaride kwa kosa lisilo lake. Kitunze kikutunze, walisema wazee. Nasi tuongeze, kitunze kimtunze na ajaye. Geuza kola yako ndani nje leo, uitazame.